SOMO: SAA ZA FUNDI WA INJINI BAHARINI

Katika Bahari ya Kaskazini, Uingereza, ziko meli zinazohudumia mitambo ya umeme wa upepo. Usiku king'ora cha injini kikilia, fundi huamka. Je, usingizi wake umepotea bure? Hapana. Kanuni za huko, zinazofuata Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, zataka apumzike saa zisizopungua 10 katika kila saa 24, na 77 katika siku 7. Akiamshwa, afidiwe kwa mapumziko mengine. Tena apewe nakala ya daftari la saa zake, yenye sahihi yake na ya nahodha.

Funzo: saa isiyoandikwa ni ngumu kudai. Ndugu wa kiwandani na wa shambani, nakala yako iko wapi?