JINA LA FUNDI GUGGA

Katika makala haya nimekusudia kuwaeleza juu ya sanamu za shaba za Wahindu wa milima ya Himalaya. Lakini kwanza tusichanganye maneno: Mhindi ni mwenyeji wa India, ilhali Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu, awe ni wa India, Nepal ama hapa hapa Kenya.

Huko Bharmour, katika jimbo la Himachal Pradesh kaskazini mwa India, lipo hekalu la mbao la Lakshana Devi. Ndani yake mna sanamu ya mungu wa kike akiliua zimwi lililojigeuza nyati. Ilisubiwa yapata mwaka wa 700, na mpaka leo watu huenda kuiabudu.

Je, shaba husubiwaje? Mafundi wa Himalaya wana njia yao ya kale:
1. Fundi huifinyanga sanamu kwa nta, hata vidole na mapambo.
2. Huipaka udongo, tabaka juu ya tabaka, kisha huuacha ukauke.
3. Huuchoma udongo huo. Nta huyeyuka ikatoka, ndani pakabaki uwazi. Hiyo ndiyo kalibu.
4. Humimina shaba iliyoyeyuka. Ikishapoa, huivunja kalibu.

Kumbe basi, kila sanamu ni moja tu! Nta imekwisha kwenda na kalibu imevunjika. Shaba ikikosa kuenea, fundi huanza upya. Si mchezo! Mafundi wa Benin, nchini Nigeria, nao walitumia njia iyo hiyo.

Lililonigusa zaidi ni hili. Kwenye sanamu ya Bharmour pamechorwa maandishi kwamba mfalme Meruvarman ndiye aliyeamuru itengenezwe, na fundi Gugga ndiye aliyeitengeneza. Jina lake limo pia kwenye sanamu ya Shakti Devi, kijijini Chhatrarhi. Mfalme alikuwa na majeshi, fundi alikuwa na nta na moto tu, lakini majina yao yamekaa pamoja kwa miaka 1300.

Sasa hebu tujiulize. Vinyago vingapi vinauzwa mijini mwetu bila jina la mchongaji? Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Nami nauliza: asiyejulikana jina atatuzwaje? Ndugu msomaji, siku ukinunua kinyago, usiulize bei peke yake. Uliza pia, "Nani amekichonga?"