Vitamini B12: Damu yako yategemea kazi ya bakteria

Je, msomaji, nyumbani kwako mlikula nini jana? Tuseme asubuhi ilikuwa chai ya rangi kwa nduma, mchana githeri, na jioni ugali wa unga uliosagwa kwenye kinu cha mtaani pamoja na sukuma wiki. Watoto walishiba wakalala. Hata hivyo, katika sahani zote hizo kuna kitu kimoja muhimu ambacho hakimo hata chembe. Kitu hicho ni vitamini B12.

Mwili huihitaji vitamini hii ili utengeneze chembe nyekundu za damu na utunze neva. Mtu mzima anahitaji takriban maikrogramu 2.4 kwa siku. Maikrogramu moja ni gramu moja iliyogawanywa mara milioni. Ni kiasi kidogo mno, lakini kikikosekana kwa muda mrefu damu hupungua, miguu hufa ganzi na kumbukumbu hudhoofika.

Ajabu ni kwamba hakuna mmea wala mnyama awezaye kuitengeneza. Kazi hiyo ni ya bakteria na jamaa zao wadogo wasioonekana kwa macho. Somo letu la leo lahusu jinsi wanavyoifanya, na jinsi matunda ya kazi yao yanavyofika, au kutofika, mezani pako.

YALIYOONEKANA EMBU

Waliosoma shule ya msingi miaka ya 1980 wanakumbuka maziwa ya Nyayo, mpango ulioanza mwaka 1979. Wengi wetu tuliyapenda kwa utamu wake tu. Lakini je, kikombe cha maziwa shuleni chaweza kubadilisha damu ya mtoto?

Swali la namna hiyo lilichunguzwa katika eneo la Kyeni, Embu, kuanzia mwaka 1998 hadi 2000. Miongoni mwa watafiti alikuwamo Profesa Nimrod Bwibo wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Dkt. Charlotte Neumann wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Walichagua shule 12 zenye watoto zaidi ya 500 wa darasa la kwanza, wakazigawa katika makundi manne. Kundi moja lilipewa githeri yenye nyama ya ng'ombe ya kusaga. La pili lilipewa githeri na kikombe cha maziwa. La tatu lilipewa githeri iliyoongezwa mafuta. La nne halikupewa chakula shuleni wakati wa utafiti.

Damu ya watoto ilipopimwa mwanzoni, ilionekana kwamba wengi wao walikuwa na upungufu wa B12. Katika kundi la maziwa, watoto wapatao saba kati ya kila kumi walikuwa na upungufu huo. Baada ya mwaka mmoja idadi hiyo ilishuka chini ya nusu. Kundi la nyama nalo lilipata nafuu. Kati ya vitamini na madini yaliyopimwa katika damu, ni B12 peke yake iliyoonyesha wazi kupanda kwa sababu ya vyakula hivyo.

Si hayo tu. Watoto waliokula nyama waliongoza katika mtihani wa kufikiri kwa kutumia michoro. Maziwa nayo yalisaidia kimo cha wale waliokuwa wamedumaa. Ukumbuke kwamba watoto hawa hawakuwa wakilala njaa. Githeri ilikuwapo, tena ni chakula chema chenye nguvu na protini. Kilichokosekana ni kile ambacho mahindi na maharagwe hayawezi kutoa.

NG'OMBE NI KIWANDA

Sasa twende katika zizi lolote la ng'ombe wa maziwa huko Meru au Embu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Ng'ombe amekatiwa mabingobingo, anatafuna na kucheua. Majani hayo hayana B12. Iweje basi maziwa yake yawe nayo?

Jibu limo katika chumba cha kwanza cha tumbo lake. Chumba hicho chaweza kubeba lita 100 na zaidi. Ndani yake mna joto la nyuzi 39 hivi, hakuna hewa ya kutosha, chakula huingia kila saa, na kuta zake hujikunja na kukoroga bila kuchoka. Mate ya ng'ombe, ambayo yana chumvi iliyo jamaa ya magadi, huzuia uchachu usipite kiasi. Katika mazingira hayo bakteria wasiohesabika huzaana, huvunjavunja majani, na humtengenezea ng'ombe B12. Yeye huifyonza, nayo huingia katika nyama, maini na maziwa.

Ila bakteria hawa wanahitaji madini yaitwayo kobalti, kwa sababu kobalti ndiyo kiini cha B12. Zamani ng'ombe waliolishwa karibu na Nakuru walikonda na kudhoofika mbele ya malisho tele. Ugonjwa huo ukaitwa kwa jina la mji huo, "Nakuruitis". Ilikuja kujulikana kwamba malisho hayo yalipungukiwa na kobalti, na ng'ombe walipopewa madini hayo walipona. Mfugaji anayewawekea ng'ombe wake chumvi ya madini anawalisha bakteria pia.

TANGI LA MHANDISI

Wanasayansi wa Marekani na Uingereza walifanikiwa kuitenga B12 safi mwaka 1948. Mwaka 1956 Dorothy Hodgkin wa Uingereza alikamilisha kazi ya kuonyesha umbo lake, na mwaka 1964 akapewa Tuzo ya Nobel. Kuiunda kwa kemia pekee kulihitaji wanasayansi wapatao 100 na hatua zipatazo 70, kazi iliyokamilika mwaka 1972. Hakuna kiwanda kingeweza kuuza dawa ya namna hiyo kwa bei ya mwananchi.

Hapo ndipo mhandisi wa biokemia alipoingia. Kazi yake ni kulea vijidudu katika matangi makubwa ya chuma, kama vile ng'ombe anavyowalea tumboni. Lazima apange joto, hewa, uchachu, mwendo wa kukoroga na kiasi cha sukari. Bakteria wengine humpa B12 wanapokosa hewa, kisha huhitaji hewa kidogo ili waikamilishe. Wengine huhitaji hewa tangu mwanzo. Kobalti haina budi kuwamo. Akikosea kimoja, bakteria hunenepa bure bila kutoa kitu, au hufa. Akipatia vyote, na kuchagua kizazi kilicho bora kila mara, mavuno hupanda ajabu. Kwa aina moja ya bakteria yalipanda takriban mara 100 kwa juhudi za miaka mingi.

Mavuno ya matangi hayo huenda yamo jikoni mwako. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano unaofungwa viwandani uongezwe vitamini na madini, B12 ikiwa mojawapo. Unga wa kinu cha mtaani, ambao watu wengi huupenda kwa bei yake, kwa kawaida hauna nyongeza hiyo.

UFANYE NINI?

Kwanza, tazama sahani. Kikombe kimoja cha maziwa kina maikrogramu 1 hivi ya B12, na yai moja lina kama nusu yake. Kipande cha nyama ya ng'ombe cha gramu 90 chaweza kutosheleza mtu mzima kwa siku. Maini yana nyingi sana. Omena nao ni hazina kwa mwenye mfuko mdogo. Huhitaji kuchinja kila siku: vijiko vichache vya nyama ya kusaga katika githeri vinatosha kuleta tofauti.

Pili, chemsha maziwa hadi yafure. Moto hupunguza B12 kidogo, lakini maziwa mabichi yaweza kukuletea homa ya maziwa, yaani bruselosi. Mala pia yanafaa, lakini B12 iliyomo ilitoka kwa ng'ombe. Usidhani kwamba kugandisha kunaiongeza.

Tatu, maziwa peke yake hayatoshi. Yana madini ya chuma kidogo sana, kwa hiyo nyama, omena na maharagwe bado vinahitajika.

Nne, wajue walio hatarini: watoto na akina mama wajawazito wasiopata vyakula vya wanyama, wasiokula nyama, mayai wala maziwa kabisa, wazee ambao tumbo lao halifyonzi vizuri, na wagonjwa wa kisukari waliotumia metformin kwa miaka mingi.

Mwisho, usijinunulie vidonge vya kuongeza damu kwa kubahatisha. Damu hupungua pia kwa malaria, minyoo na ukosefu wa chuma. Isitoshe, foliki asidi yaweza kuirudisha damu huku neva zikiendelea kuharibika kimyakimya kwa kukosa B12. Ukiona uchovu usioisha, ulimi unaouma, au ganzi na michomo miguuni, mwone daktari upimwe damu. Ukitibiwa mapema, nafuu huwa kubwa. Ukichelewa, madhara ya neva huenda yasiondoke.

Leo jioni, kabla ya kupakua, jiulize: je, bakteria wamechangia nini katika sufuria hii? Kama jibu ni hakuna, ongeza kikombe cha maziwa au kiganja cha omena.