Cyril Jackson: Mwanafalaki Aliyepandisha Majina ya Kwetu Angani

Wanafunzi wapenzi, katika darasa letu mmoja wenu aliniuliza: "Ustadhi, ni kweli nyota yenye mkia ikionekana kuna balaa linakuja?" Jibu tutalipata katika maisha ya Cyril Jackson.

Alikuwa nani?

Jackson alizaliwa mwaka 1903 huko Ossett, Uingereza, akahamia Afrika Kusini angali mtoto, mwaka 1911. Mwaka 1928 alianza kazi katika kituo cha kutazamia nyota cha Union Observatory, Johannesburg.

Asteroidi

Asteroidi ni miamba inayolizunguka jua, midogo kuliko sayari. Mingi iko kati ya Mirihi na Mshtarii, na karibu yote haionekani kwa macho matupu. Jackson alipiga picha za sehemu ileile ya anga kwa nyakati mbalimbali, kisha akazilinganisha. Nyota zilibaki mahali pake. Kidoa kilichohama ndicho alichokitafuta. Alikipima tena usiku mwingine, mpaka njia yake ikajulikana kwa hesabu. Hivyo alipata asteroidi 72.

Mgunduzi hupewa nafasi ya kupendekeza jina. Ndiyo maana leo angani kuna:

1. Tanga (namba 1595), aliyoigundua na H. E. Wood mwaka 1930.
2. Kenya (1278) na Uganda (1279), mwaka 1933.
3. Ruvuma (1427), Mombasa (1428) na Pemba (1429), mwaka 1937.

Hizo tatu za mwisho zilipatikana kati ya Mei na Julai, miezi ambayo nasi hapa Ikonda hatutoki nje usiku bila blanketi.

Nyota zenye mkia

Jackson aligundua pia kometi, yaani nyota zenye mkia, katika miaka ya 1935, 1936 na 1948. Kometi ni barafu na vumbi. Ikilikaribia jua, barafu hugeuka mvuke, nao hutoka pamoja na vumbi. Huo ndio mkia. Zile za 1936 na 1948 hurudi kila baada ya takriban miaka 8.

Sasa fikirini: kitu ambacho kurudi kwake kunajulikana kwa hesabu, kitatangazaje msiba wa mtu? Mtume (S.A.W.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim, jua lilipatwa, na watu wakayahusisha mambo hayo mawili. Yeye akawafundisha kuwa jua na mwezi havipatwi kwa sababu ya kufa wala kuzaliwa kwa mtu.

Funzo

Tutenganishe falaki na kupiga ramli kwa nyota. Falaki hupima, ramli hutisha watu na kula pesa zao. Jackson alifariki mwaka 1988, na asteroidi namba 2193 inaitwa Jackson. Alifika huko kwa subira, hesabu na kuandika kila alichokiona. Nanyi anzeni na daftari: kila mwezi mwandamo, andikeni siku, saa na upande hilali ilipoonekana. Huenda siku moja mmoja wenu akapendekeza jina la Ikonda.

Maswali

1. Asteroidi hutambuliwaje katika picha?
2. Mkia wa kometi hutokana na nini?
3. Kuna tofauti gani kati ya falaki na ramli?