Meza ya pamoja Kapata: maswali ya wanaojiajiri

Kapata ni moja ya makazi ya Kolwezi yaliyojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali. Enzi hizo mtu akiandikwa kazi alipata na mengine: nyumba, hospitali, shule ya watoto, posho ya unga. Leo mjukuu wa mfanyakazi yule anapiga picha za harusi, anatafsiri karatasi za Kichina, anachora ramani za nyumba kwa kompyuta au anashika hesabu za viduka vitatu, na bosi hana. Wengi wa namna hiyo wametuuliza juu ya nafasi za kazi za pamoja, yaani chumba ambamo mtu analipia meza, umeme na intaneti kwa siku au kwa mwezi. Mshauri wetu wa biashara ndogondogo anawajibu.

Nyumbani nina meza na kiti. Kwa nini nikalipie vya mtu mwingine? (Mchoraji ramani, Kapata)

Kama nyumbani kuna umeme wa kutegemewa, intaneti haikatiki na watoto hawakuingilii, usilipe. Baki kwako na hizo pesa ununulie diski ya kuhifadhia kazi zako.

Lakini nadhani usingeuliza kama mambo yangekuwa hivyo. Sisi watu wa Kolwezi tuna kisa chetu na umeme. Laini kubwa inayotoka bwawa la Inga, ndefu kiasi cha kilomita 1,700, ilifika hapa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya kulisha migodi. Mabwawa ya Nzilo na Nseke yako hapa hapa Lualaba. Hata hivyo mtu anakaa gizani karibu kabisa na nguzo, kwa sababu migodi na viwanda vyake vinakula kwanza na mitaa inagawana umeme unaobaki.

Kwa hiyo piga hesabu ya saa, usiangalie uzuri wa viti. Chukua wiki moja ya kawaida, uandike kwenye daftari: umeme ulikatika saa ngapi ukiwa na kazi ya mtu mezani, mafuta ya jenereta yalikula faranga ngapi, vifurushi vya intaneti ngapi, na safari ngapi za kwenda mjini kutuma faili moja tu. Tuseme jumla inafika dola 12, na meza inakodishwa dola 3 kwa siku. Ukienda siku tatu umelipa 9, na kazi imetoka kwa wakati. Ukienda siku sita, umelipa 18 na umepata hasara, isipokuwa kama huko kuna kitu kingine unachopata. Ndiyo maana wengi wetu inatufaa kulipa kwa siku. Kifurushi cha mwezi ni cha mtu ambaye kazi zake zinafuatana bila pengo.

Mimi natafsiri Kichina na Kifaransa. Kampuni zinanipigia simu, zinanipa kazi ya siku mbili, halafu kimya. Nikiwa na mahali pa kukaa, zitanichukulia kwa uzito zaidi? (Mkalimani, Kolwezi)

Mahali pekee hapatoshi, ila panakusogeza. Shida ya mtu anayejiajiri hapa ni kwamba kampuni haijui impate wapi mambo yakiharibika. Namba ya simu inabadilika, WhatsApp inazimwa. Ukiwa na mlango ambao mtu wa ununuzi anaweza kuugonga, umempunguzia hofu.

Baada ya mlango zinakuja karatasi. Tangu Septemba 2012 nchi yetu inafuata sheria za biashara za OHADA, umoja wa nchi kadhaa za Afrika, na humo kuna hadhi ya *entreprenant*: mtu mmoja anatangaza shughuli yake kwenye daftari la biashara, lile la RCCM, bila kuunda kampuni. Ni hatua nzuri ya kwanza. Kwa wanaotaka kufanya kazi na migodi, kuna Sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 juu ya *sous-traitance*, yaani kazi ambazo kampuni kubwa inazitoa kwa kampuni nyingine, inayozitengea kazi hizo kampuni ambazo mtaji wake mwingi uko mikononi mwa Wakongo. ARSP, mamlaka ya *sous-traitance*, ndiyo inayosimamia. Huko watakuuliza usajili, namba ya kodi, anwani.

Sasa sikiliza vizuri kwenye anwani. Wenye nafasi za pamoja wengine wanakubali uandikishe biashara yako kwenye anwani yao na wanakupa barua. Wengine wanakukodisha kiti tu, na ukiweka anwani yao kwenye karatasi bila ruhusa mtagombana. Uliza kabla ya kutoa hata faranga moja, na jibu liwe la maandishi.

Halafu, dada, faili za mikataba za kampuni usiziache wazi kwenye meza ya pamoja unapokwenda kula. Funga kompyuta kwa neno la siri. Usichapishe kwenye printa ya watu wote na kuziacha karatasi zikikusubiri. Mkalimani anayevujisha bei za mgodi haitwi mara ya pili, hata kama aliyevujisha ni jirani wa meza.

Nimesoma kwamba watu wanaofanya kazi kwenye nafasi hizo wanakuwa na furaha na wanazalisha zaidi. Ni kweli au ni tangazo? (Mtunza hesabu)

Vyote viwili kidogo. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan waliandika katika Harvard Business Review kwamba waliowauliza walijipa karibu 6 kati ya 7 walipopima jinsi wanavyostawi kazini. Ni alama kubwa. Ila kumbuka, hao ni watu waliochagua wenyewe kwenda na walioweza kulipa, tena katika nchi ambako taa haizimiki. Sipendi kuona alama hiyo ikibandikwa kwenye tangazo la chumba cha Kolwezi.

Faida ninayoiamini mimi ni nyingine, na haiandikwi kwenye bango. Kampuni ya zamani ilikuwa inampa mfanyakazi kitu kisichoonekana kwenye karatasi ya mshahara: wenzake. Mwenzako ndiye aliyekuambia kwamba unapunjwa, ndiye aliyekushikia zamu ukiuguliwa na mtoto, ndiye aliyejua ofisi gani inatafuta mtu. Anayejiajiri amepoteza hayo yote siku moja, na hajui kwamba ameyapoteza. Anajiona mvivu au hana bahati, kumbe hana wa kumuuliza.

Chukua mfano wa meza moja yenye watu watatu. Wewe mtunza hesabu umeletewa ankara ya mashine, nusu Kichina. Mkalimani yuko kiti cha pili. Anakusomea mistari minne, anakuonyesha kwamba usafirishaji umehesabiwa mara mbili. Mteja wako anaokoa pesa, wewe unaonekana hodari, na mkalimani amepata mteja mpya. Kiti cha tatu yuko mchoraji wa matangazo anayetaka kumtoza mtu dola 10 kwa kazi ya siku tatu. Nyinyi wawili mnamcheka mpaka anaandika 40. Nimeona bei zikipanda zaidi kwa njia hiyo kuliko kwa semina yoyote.

Lakini haya hayatokei kwa kukaa chumba kimoja tu. Kuna vyumba ambamo watu kumi wamevaa visikizi masikioni kuanzia asubuhi na hakuna anayejua mwenzake anafanya nini. Kabla ya kulipia mwezi, lipia siku moja, ukae karibu na saa ya chakula uone kama watu wanaongea.

Na wakiniibia wateja? (Mpiga picha)

Inatokea. Sitakudanganya.

Hatari ni kubwa zaidi pale watu wawili wa kazi moja wanapokaa chumba kimoja na kazi ni haba. Wapiga picha wawili na harusi moja, hapo urafiki unapimwa. Ninachoshauri ni kukubaliana mapema: anayemletea mwenzake mteja anapata sehemu, tuseme moja ya kumi ya malipo ya kwanza, na mteja aliyekuja akimuulizia fulani kwa jina haguswi na mwingine. Andikeni. Mkiona aibu kuandika, basi bado hamjawa tayari kushirikiana.

Na kwa upande mwingine, harusi mbili Jumamosi moja huziwezi peke yako. Mwenye kazi kama yako ndiye pekee anayeweza kukuokoa siku hiyo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nafanya kazi za kompyuta. Mume wangu anasema nyumbani panatosha. Nafasi hizi ni za wanaume? (Kapata)

Mama, usianze na mume, anza na chumba chenyewe. Nenda ukakague vitu ambavyo matangazo hayavisemi. Choo kina kitasa na maji? Mlango mkuu una mlinzi? Wanafunga saa ngapi, na saa hiyo teksi-moto bado zipo nje au unatembea gizani? Yupo mwanamke mwingine anayekuja kila siku, si anayefagia tu? Mvua zikianza, kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili, njia ya kuja inapitika?

Majibu yakiwa mabaya, mume wako ana haki ya kusitasita, na wewe pia. Yakiwa mazuri, mpeleke akaone. Wanaume wengi wanakataa picha waliyonayo kichwani, ya ukumbi wa bia wenye kompyuta.

Kuhusu watoto, chumba kinachofungua saa za shule kinakutosha. Asubuhi nne za kazi tulivu ni nyingi kuliko jioni saba za kazi huku unapika.

Mimi ni fundi cherehani.

Kaka, kodi kibanda barabarani. Mteja wako anapita kwa miguu na anataka kuona nguo zikining'inia. Chumba cha kompyuta hakitakusaidia, na kelele ya cherehani itawafukuza wenzako.

Tuko vijana watano, kila mmoja na kompyuta yake. Tunaweza kufungua nafasi yetu wenyewe badala ya kumlipa mtu? (Kapata)

Mnaweza, na kwa watu watano naona hilo ni bora kuliko kusubiri mfadhili. Mtindo wenyewe ulianza hivyo hivyo: Brad Neuberg, mtengeneza programu wa San Francisco, mwaka 2005 alipata chumba cha watu, akaweka meza, akaita wenzake, na mwanzoni hawakuja.

Shida yenu kubwa itakuwa umeme, kwa hiyo tuuchambue. Kompyuta ndogo moja hula kama wati 50. Tano ni 250. Ongeza taa na kifaa cha intaneti, wati 30. Jumla 280, na mkifanya kazi saa sita bila umeme wa SNEL, hiyo ni wati-saa 1,680. Betri za kawaida za asidi hazipendi kumalizwa. Ukizitumia zaidi ya nusu kila siku zinakufa mapema. Kwa hiyo mnahitaji akiba maradufu, wati-saa 3,360, ambayo kwa betri za volti 12 ni karibu betri tatu za ampea-saa 100, na hapo inverta nayo inakula chake. Paneli za jua zikiwa zinachaji mchana mnapata nafuu, ila msizitegemee katika wiki za mawingu ya Januari.

Na sheria moja isiyo na mjadala: hakuna pasi, hakuna birika la umeme, hakuna printa ya leza kwenye inverta hiyo. Printa ya leza ikipasha moto inaweza kuvuta karibu wati 1,000 kwa kitambo kidogo, inverta inalia, inazimika, na kompyuta isiyo na betri nzima inapoteza kazi ya asubuhi. Kuchapisha nendeni duka la fotokopi.

Intaneti gawaneni laini moja nzuri badala ya vifurushi vitano. Tangu Mei 2025 hata Starlink ina leseni ya ARPTC, mdhibiti wa mawasiliano, na gharama yake inabebeka ikigawanywa. Kodi ikusanyeni kama likelemba: siku moja ya mwezi, mtu mmoja anashika, kila mmoja anatuma kwa simu ili pabaki alama. Na muanze na mwezi mmoja wa ziada mfukoni, kwa maana katika watu watano, mmoja atachelewa.

Tumesikia Kinshasa kuna nafasi kubwa. Si afadhali tusubiri kama hiyo ije Kolwezi?

Silikin Village ya Kinshasa ipo kwenye eneo la kiwanda cha zamani cha nguo, na nyuma yake kuna kampuni kubwa yenye majengo. Nairobi walifungua iHub Machi 2010 kwa msaada wa wafadhili, ikapata sifa dunia nzima, na mwaka 2019 ikanunuliwa na CcHUB ya Nigeria. Nakutajia hayo uone kwamba hata waliofanikiwa hawakuishi kwa kukodisha viti. Kuna mtaji, kuna mafunzo, kuna mikutano inayolipiwa.

Nafasi ya bure ikija Kolwezi, itumie. Ila usihamishe anwani ya biashara yako hapo mpaka ujue mradi unaisha lini.

Tumepata nyumba ya zamani ya kampuni ya kufungulia nafasi yetu. Anayeishi humo anasema tulipe mwaka mzima.

Kwanza mjue kama ni yake. Nyumba nyingi za makambi ziliuzwa au ziliachiwa wafanyakazi, na katika familia nyingine karatasi iko kwa kaka mkubwa aliyeko Lubumbashi wakati aliye ndani ni mpwa. Ombeni kuona karatasi, na mwenye jina lililoandikwa ndiye atie sahihi.

Mwaka mzima msilipe. Toeni miezi mitatu, na muandike kwamba paneli, betri na meza ni zenu na mnaondoka nazo. Muandike pia nani anatengeneza paa likivuja. Pigeni picha za kuta na dari siku ya kuingia, mbele yake.