Sherehe Zinazongoja Mvua na Sikukuu Zinazofuata Mwezi

Siku moja tuliulizwa darasani: Isiolo ina sherehe gani za majira? Tukanyamaza. Mimi nilidhani mambo hayo ni ya ng'ambo tu, kama Wajapani wanaokwenda kuketi chini ya miti ya cheri inapochanua. Nikaenda kwa babu.

Babu akacheka. "Ati hatuna? Si sisi huwa tunangoja maziwa!"

Alinieleza hivi. Sisi Waborana tuna majira mawili ya mvua: Ganna, yaani masika, karibu Machi hadi Mei, na Hagaya, yaani vuli, karibu Oktoba hadi Desemba. Mvua ikinyesha, nyasi huota na mifugo hukamwa. Hapo ndipo harusi na jila, yaani sherehe za kimila, hunoga. Hata buna, zile buni zinazokaangwa kwa samli na kutiwa maziwa, zahitaji mifugo iliyoshiba. Hii ndiyo aina ya kwanza: sherehe zinazongoja mvua.

Aina ya pili hufuata mwezi. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, kwa hiyo Idd huja mapema zaidi kwa siku kama 11 kila mwaka. Idd-ul-Fitr ya 2022 ilikuwa mapema Mei. Ya 2025 ilikuwa mwishoni mwa Machi. Kwa miaka kama 33 huzunguka majira yote. Idd haiulizi kama kumenyesha.

Tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, mvua zilikosa misimu mitano mfululizo. Idd ya Mei 2022 ilitukuta na ng'ombe wanne tu. Harusi ya binamu yangu ilikuwa imeahirishwa. Nikamwuliza babu, "Mbona Idd nayo isingoje?"

Akanijibu, "Mjukuu wangu, harusi hungoja shibe. Idd ikingoja shibe, mwenye njaa atakula lini?"

Kabla ya sala ya Idd, kila mwenye uwezo hutoa Zakatul-fitri, kiasi cha pishi moja ya chakula kwa kila mtu wa nyumba yake, ili maskini naye asherehekee. Miaka yote sisi tulikuwa watoaji. Asubuhi ile tuliletewa mchele. Mama aliupokea akiwa ameinamisha uso. Mchana tulikula wali mtupu, bila nyama, na bado mama akanituma nimwite jirani.

Mvua zilirudi mwaka 2023. Binamu akaolewa, na maziwa yalikuwako. Lakini nikiulizwa sikukuu niikumbukayo zaidi, hutaja ile ya wali mtupu. Wahenga walisema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Zoezi
1. Taja sherehe moja ya kwenu inayongoja mvua na moja isiyongoja.
2. Muulize mzee wako: wakati wa kiangazi kikali, mlisherehekeaje? Andika majibu yake kwa Kiswahili sanifu.