TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 23: Saa ya Baba na Ufunguo wa Kila Siku



Ndugu yangu, umeamkaje na swaumu? Juzi tu tulikuwa twautafuta mwezi angani, na leo zimebaki siku sita au saba. Hebu tuzungumze kuhusu kitu ambacho huenda na wewe unacho ndani ya kabati: saa ya mkononi ya mzee aliyekwisha kutangulia.

Marehemu baba yangu, Allah amrehemu, nilimjua na saa moja tu. Ilikuwa HMT ya India, ya kutia ufunguo, zawadi ya rafiki yake baharia. Wenzake hapa kwetu Pemba walivaa Seiko na Citizen, wakamtania kwa ile ya kwake. Yeye alicheka tu. Kila alfajiri akirudi msikitini alikaa barazani, akakishika kile kifundo kidogo cha ubavuni kwa vidole viwili, akakizungusha taratibu mpaka kikakaza. Ukifika mwezi kama huu alikuwa na maskhara yake: "Sote tumefunga, huyu peke yake ndiye anayekula mchana."

Nikiwa mtoto nilidhani ile ni saa ya baba peke yake. Nilipokua ndipo nilipojua habari yake.

*Saa iliyokuwa ya kila mtu*

HMT ilikuwa kampuni ya serikali ya India, iliyoanzishwa mwaka 1953 kutengeneza mashine za viwandani. Mwaka 1961 ikafungua kiwanda cha saa mjini Bangalore, kwa ushirikiano na Citizen ya Japani. Saa yake iliyopendwa sana iliitwa Janata, maana yake "umma", "watu". Jina lilisema kweli. Karani aliivaa, mwalimu aliivaa, dereva wa treni aliivaa. Kijana akifaulu mtihani alinunuliwa HMT, bwana harusi alipewa HMT, mstaafu aliagwa kwa HMT. Kampuni ilijitangaza kuwa ndiyo mtunza saa wa taifa zima, na kwa miaka mingi hakuna aliyeweza kubisha. Kwa umri wake wote ilitengeneza saa zaidi ya milioni 100.

Lakini tarehe 25 Desemba 1969, Seiko ya Japani ilitoa saa ya mkononi ya kwanza ya kwazi, inayokwenda kwa betri. Haitaki ufunguo, na kwa usahihi inaishinda ile ya springi. HMT nayo ilikuja kuzitengeneza za betri, lakini moyo wake ulibaki kwenye zile za zamani zilizokuwa zikinunuliwa bado. Katikati ya miaka ya 1980 ikatokea kampuni nyingine ya humohumo India, Titan, ikaelekeza nguvu kwenye saa za betri zenye sura mpya. Vijana wakahamia huko. Hasara zikaanza, mwaka baada ya mwaka. Januari 2016 serikali ya India ikaidhinisha kampuni ya saa za HMT ifungwe.

Sasa sikiliza hili. Habari za kufungwa zilipoenea, watu walikimbilia madukani kuzigombania zilizobaki. Wale wale waliokuwa wameziacha miaka na miaka. Leo wapo wanaozikusanya na kuzitengenezesha, wakisema zinawakumbusha baba zao.

*Somo la kwanza: anayewahesabia watu wakati, na wake unahesabiwa*

Kampuni iliyowaonyesha mamilioni ya watu saa ni ngapi haikuona kwamba saa yake yenyewe inakwenda. Haikuangushwa kwa siku moja. Ilikuwa na miaka ya kujirekebisha, ikadhani mambo ya jana yatakuwa ya kesho.

Usiicheke. Mimi na wewe tumo humo humo. Mwenyezi Mungu ameapa kwa wakati katika Suratul Asr, sura ya aya tatu tu, akatutajia hasara, kisha akawatoa humo watu wa mambo manne: imani, matendo mema, kuusiana haki na kuusiana subira. Sura yote hiyo twaisoma kwa pumzi moja, na pumzi yenyewe ni sehemu ya mtaji unaopungua.

*Somo la pili: moyo ni saa ya kutia ufunguo*

Saa ya baba ukiitia ufunguo leo asubuhi inakufikisha kesho. Ukisahau kesho, haikugombezi. Inakwenda polepole, inakosea kidogo, halafu inasimama kimya kimya. Na hata ukiizungusha mara kumi kwa siku moja, huwezi kuiwekea akiba ya mwezi. Kifundo kikishakaza ndiyo basi, ni mpaka kesho.

Sisi twataka moyo uwe wa betri: tuuchaji Ramadhani, ujiendee wenyewe mpaka Ramadhani nyingine. Misikiti imejaa sasa hivi, maa shaa Allah. Mashelisheli na muhogo vikishaliwa, watu mbio kwenye tarawehe. Je, Shawwal ikiingia, safu ya alfajiri itabaki na wangapi? Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam, ametufundisha kuwa amali inayopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile ya kudumu, hata ikiwa ndogo. Ndiyo kile kifundo cha kila alfajiri. Ukurasa mmoja wa Qur'ani. Rakaa mbili. Simu moja kwa mama.

*Somo la tatu: kisichorudi nyuma*

Hili nalisema kwa uzito, nawe nisamehe.

Mwaka wa mwisho wa uhai wake, baba aliniomba kitu kimoja: Ramadhani hii, mwanangu, kila baada ya alasiri uje tusome pamoja, macho yangu hayaoni tena maandishi madogo. Nikamwambia, "Naam baba, in shaa Allah." Nikaenda siku mbili. Siku ya tatu nilikuwa na kazi. Siku ya nne nikasema kesho. Mwezi ukaisha hivyo. Kila nikipita nilimkuta barazani, msahafu umo mapajani, na hakunilaumu hata siku moja. Ramadhani iliyofuata haikumkuta.

Saa yake nilipewa mimi. Niliikuta kwenye kijaluba, imesimama. Nilikizungusha kifundo vile alivyokuwa akifanya, na wallahi ikaanza kwenda palepale, kama iliyolala usingizi tu. Nikakaa nayo nikalia. Saa iliyosimama miaka huamka kwa vidole viwili. Alasiri zile ishirini na kitu, hakuna fundi saa wa Chake wala wa Wete atakayezirudisha.

Ndugu yangu, kuzipenda saa za zamani si vibaya. Lakini wanaozigombania HMT leo walikuwa nazo mkononi jana. Isije ikawa na sisi thamani ya mtu twaijua kwa saa aliyoiacha kabatini.

*Jiulize leo*

Je, yupo mtu ninayemwambia "kesho" tangu mwezi uanze?
Je, ni ibada gani ndogo nitakayoitia ufunguo kila siku baada ya Iddi?

*Kazi ya leo*

Usiku wa 23 umeshapita. Mbele yetu, kati ya zile za witiri, upo wa 25, wa 27 na wa 29. Mmoja katika masiku haya kumi huenda ukawa bora kuliko miezi elfu, yaani zaidi ya miaka 83, umri ambao wengi wetu hatuufikii. Basi kabla ya magharibi ya leo, kabla mshale haujafika saa kumi na mbili, mwendee mzee wako, au mpigie. Kama ametangulia, msomee na umuombee.

Ewe Mola wetu, tubarikie katika siku zilizobaki, warehemu wazee wetu waliotangulia, wape afya waliobaki, na usitufanye wenye kujua thamani ya wakati baada ya kupita. Aamiin.

Wabillahi tawfiq. Mtumie na mwenzako. Tukutane kesho in shaa Allah.