Kufundisha Hifadhi ya Wingu kwa Mfano wa Ghala

Utangulizi

Walimu wanafunzi wengi huja chuoni na maandalio ya masomo na alama za mazoezi ndani ya simu, nao husema kwamba kazi zao ziko kwenye wingu. Wakiulizwa wingu hilo liko wapi, hunyamaza. Ukimya huo una hatari, kwani mwalimu asiyejua zilipo alama za wanafunzi wake hawezi kudai kwamba amezitunza. Makala haya yanapendekeza somo la dakika 80 lenye hatua nne.

Hatua ya kwanza: Kuanza na linalojulikana

Mwalimu aanze na stakabadhi ghalani, utaratibu ambao wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi wanaufahamu. Mkulima hupeleka magunia, hupimiwa, kisha hupewa stakabadhi. Mali yake haipo nyumbani, wala haiko angani. Imo katika jengo lenye mlinzi na kanuni. Wingu nalo ni majengo yenye kompyuta nyingi za kampuni fulani, nasi huzifikia kwa njia ya intaneti. Akaunti na neno la siri ndizo stakabadhi yetu.

Hata hivyo, mfano huu una kikomo. Gunia likitolewa halibaki ghalani, bali faili hunakiliwa bila kupungua. Kwa hiyo hapana sababu ya kuwa na nakala moja tu.

Hatua ya pili: Kupambanua aina

Wanafunzi wazigawe huduma katika mafungu matatu:

(a) Huduma za kulinganisha faili, kama vile Dropbox, Google Drive na OneDrive. Mabadiliko yafanywayo kwenye kompyuta hufanyika pia kwenye wingu. Ukifuta huku, na kule hufutika. Google Drive huiweka faili iliyofutwa kwenye pipa la taka kwa siku 30, kisha huiondoa kabisa.

(b) Huduma za nakala za akiba. Hizi hutunza nakala za siku mbalimbali, ili ya jana irudishwe iwapo ya leo imeharibika.

(c) Maghala ya kukodi kwa taasisi, mathalani Amazon S3 iliyoanza mwaka 2006. Malipo hutegemea kiasi cha data na matumizi yake.

Mwalimu akazie tofauti ya (a) na (b), kwani hapo ndipo wengi hukosea.

Hatua ya tatu: Hesabu

Akaunti ya kawaida ya Google hupewa gigabaiti 15 bila malipo, zikigawanywa baina ya barua pepe, picha na faili. Picha moja ikiwa na megabaiti 3, zitaingia takriban 5,000. Aidha, kwa kuwa baiti 1 ni biti 8, kupeleka megabaiti 300 kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde huchukua dakika 20. Wanafunzi wakadirie pia gharama ya bando.

Hatua ya nne: Mjadala

Mwalimu alete matukio mawili. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la kituo cha data cha OVHcloud huko Strasbourg, Ufaransa. Wateja wasio na nakala mahali pengine walipoteza data zao. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi jirani. Katika tukio la kwanza mali iliungua. Katika la pili mali ilikuwa salama, ila njia ilifungwa. Darasa lijadili kinga ya kila tukio, hadi lifikie kanuni hii: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mbali.

Isisahauliwe pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023. Alama za mtoto zisiwekwe mahali ambapo kila mwenye kiungo aweza kuzisoma.

Tathmini

Kila mwanafunzi aandike nakala zake tatu za maandalio zilipo, na jinsi atakavyoingia katika akaunti yake simu ikiibwa. Kisha arudishe faili moja kutoka kwenye akiba, mbele ya mkufunzi. Asiyeweza kuirudisha apewe zoezi hilo tena kabla ya kwenda mazoezi ya kufundisha.